Mapigo Mia ya Mchi

Kabla hawajahama Maswa, mwaka ule wa ukame mkubwa, Ngolo aliokoa ng'ombe kumi na mmoja kwa kuwainua. Ng'ombe aliyekonda kwa njaa hulala chini, na akiachwa hivyo siku mbili, ya tatu hainuki tena. Basi kila alfajiri Ngolo na kaka yake Luhende walipita zizini, mmoja akishika mkia, mwingine akiweka bega chini ya kifua cha mnyama, wakamsimamisha, wakamshikilia mpaka miguu iache kutetemeka, kisha wakamtembeza. Majirani walioona huruma wakawaacha ng'ombe wao wapumzike walibaki na ngozi. Wale kumi na mmoja ndio walioswagwa kwa miguu wiki nyingi, mwaka 1988, hadi Majimoto, upande wa Mpimbwe, wilayani Mpanda. Huko walizaana, na Ngolo akawa mtu mwenye ng'ombe tena.

Mkewe Kashinje aliitembea safari hiyo yote na mtoto wao Lucia mgongoni. Alikuwa mwanamke wa mwili mkubwa, mcheshi, mwenye kicheko cha puani, na alipenda kazi ya mikono kuliko mazungumzo. Majimoto walikuta mto, chemchemi ya maji ya moto na udongo mweusi wa mpunga. Msimu wa kwanza tu Kashinje alipandikiza jaruba zima peke yake kabla jua halijaelekea magharibi. Wanawake wa Kipimbwe waliokuwa wakilima jirani waliacha miche yao wakasimama kumtazama.

Ugonjwa ulimjia mwaka 1993, miezi minne baada ya kumzaa Marta, mtoto aliyekuja baada ya mimba mbili kuharibika. Asubuhi moja alishindwa kufungua fundo la kanga aliyombebea mtoto.

"Baba Lucia, hebu nifungulie."

Ngolo alifungua, akadhani fundo limekaza. Siku tatu baadaye akaombwa tena, na safari hii aliutazama mkono wa mkewe. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba, vinang'aa, na alipovigusa vilikuwa na joto kama paji la uso la mtu mwenye homa. Mkono wa pili ulikuwa hivyo hivyo. Baada ya mwezi vikafuata viwiko na vifundo vya miguu. Kila Kashinje alipoamka, mwili ulikuwa umekakamaa kama nguo iliyoanikwa na tope, na ilimchukua muda mrefu, mpaka ng'ombe wameshakwenda malishoni, ndipo vidole vikubali kukunja. Lakini adhuhuri ilipofika alikuwa anashika mwiko, anachota maji, anacheka. Hilo ndilo lililompa Ngolo jibu. Mwili ukitulia unaganda, ukifanya kazi unalegea. Jambo lenyewe alilijua tangu zamani.

Walikwenda kwa waganga wawili, Kashinje akachanjwa, wakapewa mizizi ya kuchemsha. Hali ikawa ile ile. Ndipo Ngolo akaamua kumtibu mkewe kwa namna aliyoijua.

Alimwamsha kila siku kukiwa bado kunapambazuka. Alimpaka samli ya moto kwenye vifundo, akamshika kwapani, akamsimamisha. Kisha alimpeleka kwenye kinu kilichokuwa kando ya jiko, akamwaga mpunga, akampa mchi. Mapigo mia. Mwanzoni Kashinje alifikisha ishirini akaegemea ukuta, jasho likimtoka. Ngolo alipiga magoti akakishika kinu kwa mikono miwili kisitikisike, akahesabu kwa sauti, akamsifu, akamtania. Wanaume waliopita njiani walicheka kumwona mwanaume mzima amekumbatia kinu, naye hakujali. Baada ya miezi miwili Kashinje alifika mia. Siku hiyo Ngolo alichinja jogoo.

Mambo yakaenda hivyo misimu miwili. Wakitoka kwenye kinu walishika majembe. Kashinje alilima, alipandikiza, alivuna. Alikonda, kicheko kikapungua, lakini kila asubuhi alisimama pale na mchi, na Ngolo aliwaambia watu kwamba mkewe angekuwa amelala kitandani zamani kama si yeye.

Alichelewa kuona kwamba vidole vinahama. Vilianza kuegemea upande wa kidole kidogo, vyote vinne, kama majani yaliyolazwa na upepo wa upande mmoja. Kifundo cha mkono wa kulia kikachomoza mfupa. Marta, ambaye sasa alikuwa anatembea, alikuwa ameshazoea kwamba mama habebi. Alipotaka kupakatwa alisubiri mama yake aketi, kisha alipanda mwenyewe, mguu mmoja mmoja, kama mtu anayepanda kitanda kirefu.

Januari 1995, pigo la arobaini na kitu, mkono ule wa kulia ulikatika nguvu. Mchi ulianguka ukambwaga Kashinje. Hakulia. Alikaa chini akautazama mkono wake uliopinda vibaya, kisha akamwambia mumewe, "Mchi umeniponyoka. Nisamehe."

Kwenye zahanati waliyoifikia, mganga aliufunga mkono kwa bandeji, akatoa vidonge vya aspirini, akasema mgonjwa apumzike. Hakusema apumzike kiasi gani wala mpaka lini, na Ngolo, aliyekuwa ameshtuka sana, alilishika neno hilo kwa nguvu zake zote. Kama kazi imemwangusha, basi asifanye kitu. Alimtengenezea kitanda cha kamba chini ya kibaraza. Lucia alikatazwa kumwacha mama yake ajichotee hata kikombe cha maji. Kashinje alilala ubavu, magoti ameyakunja kwa sababu hivyo ndivyo yalivyouma kidogo, na akakaa hivyo miezi mitano. Walipotaka kumsimamisha, magoti yalikataa kunyooka.

Luhende alikuja siku hiyo kuangalia ng'ombe, akamvuta ndugu yake pembeni.

"Oa mke mwingine," alisema. "Sisemi umfukuze huyu. Mtunze. Lakini mji wako unataka mikono."

"Mikono ipo," Ngolo alimjibu. "Ngoja nikaitafutie dawa."

Aliuza dume moja, na baada ya mavuno wakapanda lori la mpunga kwenda Mpanda. Kashinje aliwekwa juu ya magunia, magoti yamekunjwa kifuani. Barabara ilipita porini mwendo wa saa nyingi, na kila gurudumu lilipoingia shimoni Ngolo alimshika mabega. Mpanda walifikia kwa binamu yake Ngolo, Silvester, aliyekuwa amejenga Misunkumilo, mahali penye nyumba na mashamba ya mihogo kwa pamoja.

Hospitalini daktari alimpima Kashinje, akaandika dawa, akawapeleka kwenye chumba cha mwisho kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, jina lake Ernestine, Mrundi aliyefika kambi ya wakimbizi ya Katumba akiwa msichana mdogo mwaka 1972, akakulia huko, akafunzwa kazi hiyo na wamisionari. Alikaa sakafuni mbele ya Kashinje, akaiweka mikono ya mgonjwa juu ya mapaja yake mwenyewe, akaitazama muda mrefu bila kuivuta.

"Mama, kazi gani ulikuwa unafanya na mikono hii?"

Ngolo alijibu yeye. Alieleza yote, asubuhi, samli, kinu, mapigo mia, na alieleza kwa fahari, maana alitaka mtaalamu ajue kwamba mgonjwa huyu hakutelekezwa. Ernestine alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua miwani akaifuta kwa pindo la koti.

"Baba, nitakueleza, na usichukie. Kuna maumivu ya viungo ya uzee, ya kuchakaa. Haya siyo hayo. Huu ni ugonjwa ambao mwili unavishambulia viungo vyake wenyewe. Ndani ya kiungo kunawaka, na kamba zinazofunga mfupa na mfupa zinalegea. Kiungo kikiwa kimelegea hivyo, halafu kikapigishwa mchi, mifupa inahama mahali pake. Ikishahama hairudi."

Nje mtu alikuwa akifagia.

"Kwa hiyo mikono hii ni mimi," Ngolo alisema.

"Ugonjwa ndio ulioanza. Pengine ungeiharibu hata bila wewe." Ernestine aliivaa tena miwani. "Lakini mchi uliuharakisha. Siwezi kukudanganya."

"Na magoti?"

"Magoti ni kulala."

"Basi afanye nini, sista? Kazi ni kosa, kulala ni kosa."

"Kuna katikati yake, baba. Ndiyo kazi yangu hiyo katikati."

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya mihogo ya Silvester, Ngolo aliketi kando ya mkewe kwenye mkeka nje ya nyumba. Alikuwa hajala tangu asubuhi.

"Kwa nini hukuniambia kama inauma hivyo?"

"Nilikuambia. Siku za mwanzo. Ukasema hata ng'ombe hulia akiinuliwa."

Ngolo alikumbuka. Alikuwa amesema hivyo akicheka.

"Halafu," Kashinje aliendelea, "ulikuwa unapiga magoti unanishikia kinu. Nani mwingine pale Majimoto anamshikia mkewe kinu? Nikawaza, siku nikikataa mchi, huyu ataona amechoka bure, ataniacha nilale, atatafuta mwingine. Nikaona afadhali mikono iume."

Ngolo aliinama akaweka uso kwenye magoti yake. Kashinje aliunyoosha mkono wake wa kushoto, ule uliobaki na nguvu kidogo, akauweka mgongoni mwake. Hakusema neno la kumfariji, na Ngolo hakulitegemea.

Walikaa Mpanda wiki sita. Ernestine alianza na magoti. Alikunja kanga ikawa kama mto mdogo, akaiweka chini ya goti, akamwambia Kashinje aikandamize taratibu mpaka msuli wa paja ukaze, ahesabu mpaka tano, aachie. Vidole havikupewa kitu cha kuminya. Viliwekwa juu ya meza, vikatelezeshwa kimoja kimoja kuelekea upande wa dole gumba, kinyume na upande ambao ugonjwa ulikuwa ukivisukumia. Kifundo cha mkono kilifungwa kipande cha ubao kilichofunikwa kitambaa, ili kisipinde akilala. Mkono ulizamishwa kwenye maji ya vuguvugu kabla ya yote.

Siku ya pili Ngolo alipofungua mdomo kueleza mkewe alilalaje, Ernestine alimwonyesha benchi la ukutani.

"Baba, kaa pale. Leo nataka mama aniambie mwenyewe."

Ilikuwa vigumu kwake kukaa kimya. Alisikia mkewe akisema mambo ambayo hakuwahi kuyasikia, kwamba bega la kushoto linauma kuliko goti, kwamba asubuhi mbaya zaidi ni zile za mawingu, kwamba huchoka uchovu usiofanana na wa shamba. Ernestine alimfundisha kujipima. Kiungo kikiwa chekundu na cha moto, siku hiyo kikunjwe na kukunjuliwa polepole mara chache tu, kisigande, basi. Kikiwa kimepoa, atembee mahali tambarare, dakika kumi, kesho labda kumi na mbili. Na akimaliza zoezi, maumivu mapya yakidumu zaidi ya saa mbili, ajue amezidisha, kesho yake apunguze nusu.

"Na nani anaamua?" Ernestine aliuliza.

Kashinje alimtupia jicho mumewe. "Mimi?"

"Wewe. Hakuna mwingine aliye ndani ya hayo magoti."

Alipowauliza kwao ni wapi hasa, akasikia habari za chemchemi, Ernestine alicheka kwa mara ya kwanza. "Mna maji ya moto yanatoka ardhini bure, na mimi huku nahangaika na jiko la mkaa. Mama, ingia humo. Siyo pale yanapochemka. Chini kidogo, yanapokuwa kama maji ya kumwogeshea mtoto. Tembea ndani yake. Maji yatakubebea uzito."

Basi waliporudi ndivyo walivyofanya. Ngolo alichimba bwawa dogo kwenye kijito cha chemchemi, akapanga mawe, akaweka gogo la kushikilia. Kila asubuhi alimpakia mkewe kwenye mkokoteni wa ng'ombe, akafunga maksai mmoja mpole, wakaenda. Waliingia wote wawili. Vijana walisimama juu wakatoa maneno, eti mzee anaoga na mkewe mchana kweupe, na Luhende alimwambia anaaibisha ukoo. Ngolo aliwazoea, kama alivyozoea wale wa kinu.

Magoti yalianza kukubali. Mwezi wa tatu Kashinje aliweza kusimama kwa fimbo. Mwaka 1996 ulipoisha alikuwa anatoka nyumbani mpaka sokoni na kurudi, akipumzika mara mbili, na wauza mpunga walimwachia kiti. Vidole havikurudi. Alijifunza kubeba kikombe kwa viganja viwili na kufungua mlango kwa kiwiko.

Asubuhi moja walimchukua Marta, aliyekuwa na miaka mitatu na nusu. Mtoto alikaa ukingoni, miguu ndani ya maji, akimtazama mama yake akienda na kurudi. Kashinje alimfuata, akaingiza mikono yake chini ya makwapa ya mtoto, mikono yote mpaka viwikoni, akamvuta majini. Humo mtoto hakuwa na uzito. Alimwinua mpaka kifuani. Marta alishangaa, akashika shingo ya mama yake, na hakutaka kushuka. Ngolo aligeuka akajifanya anapanga mawe.

Mwaka na kitu wa nafuu walioupata ndio ulikuwa huo.

Mvua za mwisho wa 1997 zilikuja kubwa kuliko mtu yeyote alivyokumbuka, zile ambazo redio iliziita El Nino. Mto ulipanda majaruba, kijito kikafunikwa na maji baridi ya matope, bwawa la Ngolo likazolewa pamoja na mawe yake. Barabara ya Mpanda ilikatika sehemu nne. Vidonge vya Kashinje viliisha kabla ya Krismasi. Ugonjwa ulirudi wote kwa pamoja, ukashika viungo ambavyo haukuwahi kuvishika, taya, shingo, kiwiko cha kulia. Kula kukawa shida. Alitoka jasho, akakonda mpaka mifupa ya mabega ikaonekana chini ya kanga. Miezi hiyo hapakuwa na la kufanya ila kumkunja na kumkunjua polepole, mara mbili tatu, na siku nyingine Kashinje alitikisa kichwa tu, Ngolo akaiondoa mikono yake. Maji yalipopungua, kiwiko kilikuwa kimeganda kikiwa kimekunjwa, na goti la kushoto limerudi karibu na lilipokuwa.

Barabara ilipofunguka Ngolo alikwenda Mpanda peke yake, maana Kashinje asingelivumilia lori. Alimkuta Ernestine kwenye chumba kile kile, mvi zimemwanza. Alimweleza kiungo kimoja kimoja. Alipofika kwenye kiwiko, mwanaume huyo ambaye hakulia siku alipoambiwa habari za kinu, alilia hapo, kwenye benchi la ukutani, mbele ya wagonjwa wawili waliokuwa wakisubiri. Ernestine alifunga mlango akamwacha alie.

"Alikuwa anafika sokoni," Ngolo alisema.

"Najua."

"Mara hii tulifanya ulivyosema. Kila siku. Hatukuzidisha."

"Najua, baba. Hamkukosea kitu. Ugonjwa huu una nguvu kuliko mazoezi. Mazoezi yanamtunzia kile alichobakiwa nacho, basi."

Alimpatia dawa. Kisha alichukua karatasi akachora watu wa vijiti, wakifanya mazoezi tisa: mtu amelala anapeleka kifundo cha mguu huku na huku, mtu ameketi anavuta pumzi na kuinua mabega, mtu anatelezesha kisigino juu ya mkeka, na mengine. Chini ya kila mchoro aliandika neno moja au mawili ya Kiswahili, ili Lucia aweze kumsomea mama yake.

Ngolo alifika Majimoto siku ya pili yake, mchana. Kashinje alikuwa kibarazani, mgongo umeegemea gunia la pumba. Alimuuliza habari za safari, na kama Silvester hajambo, na mihogo ya Misunkumilo imestawi vipi. Kisha Ngolo akachuchumaa mbele yake akaifunua karatasi.

"Ametuchorea. Chagua."

Kashinje hakuweza kuishika, hivyo Ngolo alimshikia usawa wa macho. Lucia alimaliza kusoma maneno akaondoka kwenda jikoni, na Kashinje bado alikuwa akitazama, mchoro hadi mchoro, kama mtu anayepitia picha za ndugu zake. Upepo uliigeuza karatasi, Ngolo akaishika kwa chini.

"Hili la visigino," Kashinje alisema mwisho, akionyesha kwa kidevu. "Na hili la pumzi."

"Na haya?"

"Hayo siwezi tena, Baba Lucia."

Ngolo alitaka kusema kwamba labda la mabega, kidogo tu, lijaribiwe. Neno lilimfika mdomoni. Aliikunja karatasi mara nne akaiweka mfukoni, akamsogeza mkewe taratibu mpaka alale chali, akakaa upande wa miguu.

"Tuanze na lipi?" aliuliza.

"La visigino," Kashinje alisema. "Ila nisubiri kwanza."

Akamsubiri.